Kinga Inayokata Mawasiliano: Masasisho ya Usalama na Seva za Ujenzi wa Programu

Miongoni mwa matatizo yanayowakabili mafundi wa kompyuta, machache yanaudhi kama lile linalotokea pale mfumo uliofanya kazi vizuri jana unapogoma leo, ilhali hakuna aliyeugusa ila kwa kuuwekea sasisho la usalama. Sasisho ni toleo jipya la programu linalorekebisha kasoro za toleo lililotangulia, na linapoitwa sasisho la usalama, maana yake ni kwamba kasoro inayorekebishwa ingeweza kumpa mhalifu mwanya wa kuingia, kusikiliza au kughushi. Sura hii inaeleza kwa nini masasisho ya aina hiyo hukata mara kwa mara mawasiliano ya mashine zinazotumika kujenga programu, na inatetea hoja kwamba mawasiliano yanayokatwa kwa njia hiyo mara nyingi yalikuwa yakiegemea imani ambayo hakuna aliyeihakiki kwa muda mrefu, na kwamba gharama ya kuihakiki haifai kubebeshwa wale walio mwisho wa njia peke yao.

Mwisho wa njia hiyo unapatikana mahali kama Kibombo, teritwari ya jimbo la Maniema iliyo kusini mwa Kindu, kwenye reli inayotoka Kindu kuelekea Kongolo. Kibombo ni kanda ya afya, mojawapo ya kanda 519 za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kama kanda nyingine zote hupokea kila mwezi ripoti za vituo vya afya na kuziingiza katika DHIS2, mfumo wa kompyuta ambao wizara ya afya inautumia kwa taarifa zake za kitaifa. Mfumo huo unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, na Kenya ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuutumia nchi nzima kupitia intaneti, mwaka 2011. Karani anayeingiza idadi ya wagonjwa wa malaria hana haja ya kujua jinsi programu hiyo ilivyojengwa. Hata hivyo kila toleo analolifungua limepitia mashine ambazo sura hii inazichambua, na mashine hizo zikikwama, marekebisho anayoyasubiri yanakwama nazo.

Seva ya ujenzi na kazi yake

Programu huanza kama maandishi yanayosomeka na binadamu, yaani msimbo chanzo, ambayo hayana budi kugeuzwa kuwa faili linaloweza kuendeshwa na kompyuta. Zamani kila mtengeneza programu aliifanya kazi hiyo kwenye kompyuta yake, na matokeo yakatofautiana kwa sababu kila kompyuta ilikuwa na mpangilio wake. Seva ya ujenzi ni kompyuta iliyotengwa kwa ajili ya kazi hiyo tu: huchota msimbo kutoka hifadhi kuu, huchota maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine ambavyo msimbo huo unavitegemea, hugeuza vyote kuwa programu kamili, huifanyia majaribio, na mwishowe huipeleka kwenye seva ambako watumiaji wataifikia. Programu inayojulikana zaidi kwa kuendesha shughuli hizo ni Jenkins, iliyoanzishwa na Kohsuke Kawaguchi mwaka 2004 alipokuwa katika kampuni ya Sun Microsystems, ikiitwa Hudson, kabla ya kupewa jina la sasa mwaka 2011.

Maelezo hayo yanaonyesha kwamba seva ya ujenzi huishi kwa mawasiliano, kwani karibu kila hatua ya kazi yake inahitaji kufungua njia kwenda kwenye mashine nyingine, kujitambulisha na kukubaliwa. Jambo la pili, ambalo ndilo chanzo cha adha nyingi, ni kwamba hufanya hayo yote bila mtu mbele ya kioo. Mtu anayetumia kivinjari akiona onyo kwamba tovuti si salama, anaweza kulisoma, kumuuliza mwenzake na kuamua. Seva ya ujenzi inayofanya kazi saa nane za usiku haina wa kumuuliza, hivyo husimama na kuandika mstari mmoja wa hitilafu ambao fundi ataukuta asubuhi.

Makubaliano yanayotangulia mazungumzo

Mawasiliano salama kati ya mashine mbili hufuata itifaki, yaani kanuni za mazungumzo zilizokubaliwa na pande zote. Mbili zinatawala uwanja huu. Ya kwanza ni SSH, iliyobuniwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake, na ambayo leo hutumiwa zaidi kupitia OpenSSH, programu huria inayotunzwa na mradi wa OpenBSD tangu mwaka 1999. Ya pili ni TLS, inayolinda anwani zote zinazoanza na https. Zote mbili huanza kwa hatua zinazofanana: kila upande hutaja algoriti unazozijua, yaani kanuni za hesabu za kusimba na kutia saini, seva huthibitisha kwamba ndiyo yenyewe, kisha anayeingia, pale anapotakiwa, huthibitisha kwamba ana haki ya kuingia. Orodha mbili za algoriti zikikosa hata jina moja la pamoja, mazungumzo hufa kabla ya kuanza.

Watu wa Maniema wana mfano wa jambo hili katika historia ya reli yao. Reli ya Kindu ilijengwa na wakoloni Wabelgiji kwa upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, na katika miaka ya 1950 ikapanuliwa hadi milimita 1,067 ili iungane na mtandao wa Katanga, huku kipande cha kaskazini kati ya Ubundu na Kisangani kikibaki na upana wa zamani. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa la upande mmoja halina namna ya kutembea upande wa pili, hata likiwa zima na limesheheni. Sasisho la usalama hufanya kitu kinachofanana na hicho kwa makusudi: huondoa kwenye orodha algoriti iliyochakaa, na mashine ambayo haijui nyingine hubaki nje, hata kama ufunguo wake ni halali na kazi yake ni njema.

OpenSSH 8.8 na saini zilizochakaa

Mfano ulio wazi zaidi ni wa OpenSSH toleo la 8.8, lililotolewa tarehe 26 Septemba 2021. Kuuelewa kunahitaji kutofautisha ufunguo na saini. Ufunguo wa RSA, uliopewa jina kwa herufi za wabunifu wake Rivest, Shamir na Adleman, ni jozi yenye sehemu ya siri inayobaki kwa mwenyewe na sehemu ya umma inayowekwa kwenye seva anayotaka kuingia. Mwenye ufunguo haitumi sehemu ya siri. Huitumia kutia saini ujumbe, na seva hukagua saini hiyo kwa sehemu ya umma. Kwa kuwa ujumbe unaweza kuwa mrefu, kinachotiwa saini ni muhtasari wake, yaani namba ya urefu maalumu inayokokotolewa kutokana na ujumbe mzima kwa namna ambayo herufi moja ikibadilika, namba hiyo hubadilika kabisa. SHA-1, iliyotangazwa na taasisi ya viwango ya Marekani mwaka 1995, ni mojawapo ya kanuni za kukokotoa muhtasari huo.

Saini ya aina hii huaminika iwapo tu haiwezekani mtu kutengeneza jumbe mbili zenye muhtasari mmoja. Mwaka 2005 watafiti wa China wakiongozwa na Wang Xiaoyun walionyesha kwa nadharia kwamba SHA-1 ni dhaifu kuliko ilivyodhaniwa. Februari 2017 taasisi ya CWI ya Amsterdam na kampuni ya Google zikatoa ushahidi wa vitendo, mafaili mawili tofauti ya PDF yenye muhtasari uleule, na Januari 2020 Gaëtan Leurent na Thomas Peyrin wakaonyesha shambulio la hatari zaidi ambalo watunzaji wa OpenSSH walikadiria kuwa linaweza kufanywa kwa gharama isiyofika dola 50,000. Kiasi hicho ni kikubwa kwa mtu wa kawaida, lakini ni kidogo kwa genge la wahalifu au kwa serikali yenye nia mbaya. Mwezi uliofuata watunzaji hao walitangaza kwamba saini za RSA zinazotumia SHA-1 zitazimwa, na zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye wakatekeleza.

Ufunguo wa RSA wenyewe haukupigwa marufuku. Ufunguo uleule unaweza kutia saini kwa kanuni mpya za SHA-2, ambazo OpenSSH ilikuwa ikizikubali tangu toleo la 7.2 la mwaka 2016, hivyo mwenye programu mpya pande zote mbili hakuona mabadiliko yoyote. Walioumia ni wenye seva za ujenzi, kwa sababu programu nyingi za kazi hiyo zimeandikwa kwa lugha ya Java na hazitumii OpenSSH ya mashine zinamokaa. Hubeba maktaba zake za SSH ndani yake. Maktaba iliyoenea sana, JSch, katika toleo lake asilia la mwisho la mwaka 2018, haikujua kutia saini ya RSA kwa njia nyingine isipokuwa SHA-1. Aprili 2022 mfumo wa Ubuntu 22.04 ulipotoka ukiwa na OpenSSH 8.9, waliohamishia seva zao kwenye mfumo huo wakakuta Jenkins haiwezi tena kupeleka programu mahali ilipokuwa ikipeleka kila siku.

Mkasa huo unastahili kutazamwa kwa karibu, maana unafundisha jinsi hitilafu ya aina hii inavyopotosha. Upande wa seva ya ujenzi, ujumbe unaoonekana husema tu kwamba uthibitisho umeshindikana. Fundi anayeusoma hudhani ufunguo umeharibika, kwa hiyo hutengeneza mwingine wa RSA, huusajili na kushindwa tena; huongeza urefu wake kutoka biti 2,048 hadi 4,096 na kushindwa kwa mara ya tatu, kwa kuwa urefu haukuwa na lawama yoyote. Sababu ya kweli imeandikwa upande wa pili, kwenye kumbukumbu za seva inayopokea, ambamo mstari mmoja husema kwamba aina ya ssh-rsa haimo katika algoriti zinazokubaliwa. Anayesoma mstari huo ana njia tatu: kuirudisha algoriti ya zamani kwenye orodha, jambo linalofungua mlango uliofungwa kwa sababu nzuri, kutumia ufunguo wa aina ya ECDSA, ambao maktaba hiyo ya zamani inauelewa, au kuibadilisha maktaba yenyewe kwa tawi lake linaloendelea kutunzwa. Njia ya tatu ndiyo inayomaliza tatizo, ya pili inafaa kwa muda, na ya kwanza, ambayo ndiyo nyepesi na ndiyo inayopendekezwa haraka na mafundi wenye pupa, huliahirisha tu.

Herufi moja katika anwani: somo la Eldoret

Afrika Mashariki ina mradi wake mkubwa uliopitia mtihani wa jinsi hii. OpenMRS, mfumo huria wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kubuniwa mwaka 2004 katika ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na Chuo Kikuu cha Moi, na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006 katika mpango wa AMPATH wa kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Umeandikwa kwa Java na hujengwa kwa Maven, chombo ambacho husoma faili la maelezo ya mradi, hutambua maktaba zinazohitajika na kuzichota kwenye hifadhi za mtandaoni.

Kwa miaka mingi hifadhi hizo zilifikiwa kwa anwani za http, zisizo na usimbaji wowote, maana yake ni kwamba mtu yeyote aliyekaa katikati ya njia, kwa mfano kwenye kampuni ya intaneti au kwenye mtandao wa hoteli, angeweza kubadilisha maktaba inaposafiri bila seva ya ujenzi kugundua. Tarehe 15 Januari 2020 hifadhi kuu ya Maven iliacha kupokea maombi ya http na kuanza kuyajibu kwa namba ya hitilafu 501. Aprili 2021 Maven toleo la 3.8.1 likapiga hatua zaidi kwa kuzuia hifadhi yoyote ya nje inayotajwa kwa http, hata kama hifadhi hiyo yenyewe iko tayari kujibu.

Moduli za OpenMRS zilizoandikwa miaka ya nyuma zilikuwa na anwani ya hifadhi ya mradi iliyoanza kwa http, na anwani hiyo ilikuwa imenakiliwa kutoka moduli moja hadi nyingine kwa muda mrefu. Aliyekuwa na Maven ya zamani aliendelea kujenga bila shida. Aliyesakinisha toleo jipya alikutana na ujumbe uliotaja anwani 0.0.0.0, ambayo haielekezi popote, na kwa urahisi angedhani kwamba mtandao wake ndio wenye kasoro. Tiba ya anwani moja ni kuongeza herufi moja, s, na kuikagua kwamba inafanya kazi. Ugumu uko katika wingi, kwa kuwa kila maktaba inayochotwa huja na faili lake la maelezo, na faili hilo huweza kutaja hifadhi nyingine kwa anwani ya zamani, kiasi kwamba mradi uliorekebishwa vizuri bado unakwamishwa na mradi ambao mwandishi wake aliuacha zamani. Hapa ndipo inapodhihirika kwamba seva ya ujenzi huwa imewaamini watu wengi kuliko mwenye seva anavyodhani.

Ufunguo uliobadilishwa asubuhi ya Ijumaa

Mifano miwili iliyotangulia ilitangazwa mapema. Upo mwingine ambao haukuwa na nafasi ya tangazo. GitHub, hifadhi ya mtandaoni inayotunza msimbo wa miradi mingi mno duniani, ilibadilisha ufunguo wake wa RSA wa kujitambulisha kwa SSH tarehe 24 Machi 2023, siku ya Ijumaa, yapata saa moja asubuhi kwa saa za Kindu na saa mbili kwa saa za Nairobi. Kampuni hiyo ilieleza kwamba sehemu ya siri ya ufunguo huo ilionekana kwa muda mfupi katika hifadhi iliyo wazi kwa umma, na kwa hiyo ilibadilishwa kwa tahadhari.

Katika SSH, mashine inapotembelea seva kwa mara ya kwanza huandika ufunguo wa umma wa seva hiyo katika faili la seva inazozijua, na kila safari inayofuata hulinganisha. Ufunguo ukibadilika, mawasiliano hukatwa na onyo kali la herufi kubwa hutolewa kwamba huenda kuna mtu anayesikiliza kati. Asubuhi hiyo seva za ujenzi zilizokuwa zimeandika ufunguo wa zamani zilisimama zikitoa onyo hilo, na zilifanya sawasawa na zilivyoagizwa, maana hazina njia ya kutofautisha mabadiliko halali na utapeli. Wajibu wa kutofautisha ulikuwa wa binadamu: kufungua ukurasa rasmi wa kampuni, kulinganisha alama ya kidole ya ufunguo mpya, yaani muhtasari wake mfupi uliochapishwa kwa ajili ya ulinganisho, kisha kufuta ule wa zamani na kuweka mpya. Aliyezima ukaguzi wote ili kazi iendelee alipata nafuu ya siku moja, na tangu siku hiyo seva yake ingemkubali yeyote anayejiita GitHub.

Ukaguzi huo wenyewe ulikuwa haupo katika seva nyingi. Hadi Julai 2022 kiunganishi kinachoiwezesha Jenkins kuzungumza na hifadhi za msimbo za aina ya Git hakikuwa kikikagua ufunguo wa seva inayotembelewa, na toleo la 3.11.1 lilipoanza kudai ukaguzi, kazi zilizokuwa zikipita zikaanza kukwama kwa sababu faili la seva zinazojulikana lilikuwa tupu. Kwa lugha ya kila siku mafundi husema sasisho liliharibu mawasiliano. Kwa lugha sahihi zaidi, sasisho lilifichua kwamba seva hizo hazikuwa zikijua zinazungumza na nani.

Kwa nini zisiachwe kama zilivyo

Msomaji anaweza kuuliza kwa haki kama si afadhali kuacha kinachofanya kazi kiendelee. Jibu lilitolewa Desemba 2020, ilipogunduliwa kwamba wavamizi walikuwa wameingia katika mazingira ya ujenzi ya kampuni ya Marekani ya SolarWinds. Hawakugusa hifadhi ya msimbo. Waliweka kwenye mashine ya ujenzi programu ndogo iliyosubiri bidhaa ya kampuni hiyo ianze kujengwa, ikabadilisha faili moja la msimbo kwa muda, kisha ikarudisha faili la asili baada ya ujenzi kukamilika. Toleo lililotoka lilikuwa na saini halali ya kampuni, na wateja wapatao 18,000 walilipakua wakiamini kwamba wanajilinda. Seva ya ujenzi ni mahali ambapo mvamizi mmoja huwafikia watumiaji wote kwa mkupuo, wakiwemo wa zahanati ya kijijini ambao hawajawahi kusikia jina lake, na ndiyo maana mashine hiyo haistahili kusamehewa sasisho kwa hoja kwamba ina kazi nyingi.

Mwisho wa njia

Hata hivyo kuyahalalisha masasisho hayo hakuondoi ukweli kwamba uzito wake haugawanywi sawa, na suala la vyeti vya Let's Encrypt linaonyesha hilo. Cheti ni hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba ufunguo fulani ni wa tovuti fulani, na huaminika kwa sababu kimesainiwa na mamlaka ambayo cheti chake cha msingi kimo tayari ndani ya simu au kompyuta. Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bila malipo, ilianza kwa kuegemea cheti cha msingi cha kampuni ya IdenTrust ambacho kingekwisha tarehe 30 Septemba 2021. Novemba 2020 ilieleza kwamba asilimia 33.8 ya vifaa vya Android vilikuwa na matoleo ya kabla ya 7.1, ambayo hayakuwa na cheti chake kipya, na hivyo vingeshindwa kufungua tovuti zinazotumia vyeti vyake.

Simu na kompyuta kibao za namna hiyo ndizo zinazobaki mikononi mwa watu mahali ambapo kifaa hutumika mpaka kife, na zilinusuriwa kwa mbinu ya pekee. IdenTrust ilikubali kusaini cheti kipya kwa miaka mitatu zaidi, ikitegemea kwamba Android haikagui tarehe ya mwisho ya vyeti vya msingi ilivyo navyo. Mbinu ikafaa kwa simu, lakini ikawaangusha wengine: seva zenye maktaba ya OpenSSL 1.0.2, zikiwemo baadhi ya seva za ujenzi za wakati huo, zilifuata njia inayopita kwenye cheti kilichokwisha na kukataa mawasiliano, ingawa zilikuwa na njia nyingine iliyo nzima. Makubaliano hayo yalifika ukingoni tarehe 30 Septemba 2024.

Kwa ofisi ya kanda ya afya ya Kibombo, mambo haya hayafiki kama habari za algoriti. Hufika kama ripoti isiyopanda tarehe ya mwisho wa mwezi, au kama programu ya simu inayogoma kufunguka, na fundi aliye Kindu analazimika kubashiri iwapo kasoro iko kwenye mnara, kwenye umeme, kwenye kifaa au kwenye seva. Kupakua upya mfumo mzima wa kompyuta ili kupata algoriti mpya ni gigabaiti kadhaa, na mahali ambapo vocha ya data hununuliwa kwa vipimo vidogo, gigabaiti hizo ni gharama halisi inayolipwa na mtu ambaye hakushiriki katika uamuzi.

Wajibu wa kila upande

Wanaotoa masasisho wana wajibu wa kutangaza mapema, kuandika ujumbe wa hitilafu unaotaja sababu ya kweli, na kuzima kwa awamu. GitHub yenyewe ilifanya hivyo ilipoondoa algoriti za zamani za SSH: ilitangaza Septemba 2021, ikazima huduma kwa muda mfupi tarehe 11 Januari 2022 ili watakaoumia wajitambue, kisha ikakata moja kwa moja tarehe 15 Machi 2022. Jaribio la muda mfupi lililotangulia uamuzi wa mwisho lina faida kuliko barua pepe nyingi, kwa kuwa seva ya ujenzi haisomi barua.

Wanaotunza seva za ujenzi na zile zinazopokea kazi zake, wawe Nairobi, Kinshasa au Kindu, wanatakiwa kuwa na orodha iliyoandikwa ya kila njia inayotoka kwenye mashine zao, ikitaja seva inayotembelewa, aina ya ufunguo, maktaba inayotumika na jina la anayehusika. Sasisho lianze kwenye mashine ya majaribio kabla ya kufika kwenye ile ya kazi. Maktaba zinazotumika mara kwa mara zitunzwe katika hifadhi ya ndani, ili kukatika kwa njia ya nje kusisimamishe kazi yote na ili kifurushi kimoja kisilipiwe data mara kumi. Mawasiliano yakikatika, kumbukumbu za pande zote mbili zisomwe kabla ya kugusa chochote, na ikibidi kuirudisha algoriti ya zamani, ruhusa hiyo itolewe kwa mashine moja tu na iandikiwe tarehe ya kufutwa.

Taasisi za umma na wafadhili wanaogharamia mifumo ya afya, elimu na fedha nao wana sehemu yao. Bajeti nyingi huhesabu ununuzi wa kompyuta na mafunzo ya mwanzo, na huacha bila fungu kazi ya kila mwaka ya kuhamisha funguo, vyeti na maktaba, kana kwamba mfumo ukishasimikwa hauhitaji tena mtu. Mfumo usio na fungu la matunzo utavunjwa na sasisho au na mhalifu, na kati ya hao wawili ni sasisho pekee linalotoa taarifa mapema. Fungu hilo liwekwe tangu siku ya kwanza ya mradi, na lihesabiwe mpaka kwenye kifaa cha mwisho kinachopeleka ripoti kutoka Kibombo.